Siku ya Kwanza na Siku ya Mwisho: Muda Katika Mikataba ya Upangaji

Chama cha msingi chenye ghala, ofisi au kiwanja kisichotumika mwaka mzima huwa mpangishaji. Chama kisicho na ghala huwa mpangaji kila ufikapo wakati wa kununua mazao. Kwa hiyo ni vyama vichache ambavyo kabati la ofisi halina hata hati moja ya upangaji. Jambo la kusikitisha ni kwamba hati hizo huandikwa kwa uangalifu pale pasipo na ugomvi, na kwa haraka pale penye ugomvi. Kiasi cha pango hujadiliwa mkutano mzima. Mstari wa muda huandikwa mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kusimama. Siku mabishano yazukapo, huwa ni juu ya mstari huo: mpangaji alipaswa kutoka lini, na taarifa ya kumtoa ilipaswa kufika lini?

Yafaa basi makatibu na wanachama waelewe namna maneno ya tarehe na muda yanavyosomwa na wenye kuamua mashauri, na namna ya kuyaandika ili shauri lisizuke.

MPAKA DARAJA LIKAMILIKE

Busisi, katika Wilaya ya Sengerema, hutoa mfano ulio karibu. Kwa miaka mingi magari na abiria kutoka Kigongo, ng'ambo ya mashariki ya Ghuba ya Mwanza, walivuka kwa kivuko. Tarehe 7 Desemba, 2019 liliwekwa jiwe la msingi la daraja la kuunganisha pande hizo mbili, lenye urefu wa kilometa 3, na tarehe 19 Juni, 2025 daraja hilo likazinduliwa rasmi.

Ichukuliwe kwamba chama kimoja cha mfano, wakati wa ujenzi huo, kilipangisha ghala lake lililo karibu na kivuko kwa maneno haya: "Mpangaji atalitumia ghala mpaka daraja likamilike." Siku ya kutia sahihi kila mtu aliona maneno hayo ni wazi kama mchana. Lakini daraja hukamilika lini? Je, ni siku vipande vyake viwili vinapokutana katikati ya maji? Ni siku gari la kwanza linaporuhusiwa kupita? Ni siku ya uzinduzi? Au ni siku mkandarasi anapokabidhi kazi baada ya kurekebisha kasoro ndogo ndogo? Kila moja ya siku hizo yaweza kuitwa siku ya kukamilika, na kati ya ya kwanza na ya mwisho huweza kupita miezi mingi. Katika miezi hiyo chama kinataka ghala tupu kwa ajili ya pamba ya wanachama, na mpangaji ana bidhaa ndani na hati mkononi. Kila upande una haki kwa kadiri unavyosoma.

Jambo la namna hiyo liliwahi kufika katika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1944. Nyumba ilikuwa imepangishwa kwa muda wa vita. Majaji walisema kuwa upangaji wa muda maalumu hauna budi kuwa na mwisho unaojulikana tangu mwanzo, na kwa kuwa siku ile hakuna aliyejua vita vingekwisha lini, upangaji huo haukuwa halali kama upangaji wa muda maalumu. Watu wengi walikuwa wamepanga kwa maneno hayo hayo, hata Bunge la nchi ile likalazimika kutunga sheria mwaka ule ule ili kuwaokoa. Chama cha msingi hakitatungiwa sheria ya kukiokoa.

Yafaa kueleza hapa kwa nini hukumu za Uingereza zinatajwa. Tanzania ilirithi kanuni za sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920. Hukumu zilizotolewa huko baada ya tarehe hiyo hazizifungi mahakama za Tanzania, lakini mawakili huzitaja na majaji huzipima. Kwa hiyo katibu anayeandika hati Sengerema hana budi kujua kwamba maneno yake yaweza kusomwa kwa darubini iliyotengenezwa mbali.

MANENO YA KUANZIA

Muda huhesabiwa kutoka mahali fulani. Katika Kiswahili maneno "kuanzia tarehe 1 Julai" yaihesabu tarehe 1 yenyewe, kwa maana ndiyo mwanzo. Maneno "baada ya tarehe 1 Julai" yaiacha nje, na siku ya kwanza ni tarehe 2. Neno "tangu" huelekea upande wa "kuanzia", na neno "toka" vivyo hivyo, lakini mtu akitaka ubishi anaweza kuupata.

Sheria za nchi zina kanuni yake. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya mwaka 1996 inasema kwamba muda ukihesabiwa kutoka siku fulani au baada ya siku hiyo, siku yenyewe haihesabiwi. Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971 nayo huiacha nje siku ambayo muda wa kufungua shauri unaanza kuhesabiwa. Lakini izingatiwe kwamba kanuni hizo zimetungwa kwa ajili ya kusoma sheria na kupima muda wa mashauri. Hati ya upangaji ni mapatano ya watu wawili, na jambo la kwanza linalotafutwa ndani yake ni nia yao. Tangu mwaka 1777 majaji wa Uingereza walikubali kwamba neno lao lenye maana ya "kutoka" laweza kuihesabu siku ya kwanza au kuiacha, kwa kadiri ya nia ya hati nzima. Neno moja lenye maana mbili kwa zaidi ya miaka mia mbili si neno la kuliachia ghala la chama.

Aidha, siku ya kutia sahihi isichanganywe na siku ya kuanza. Tarehe 28 Aprili, 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa muda wa miaka 50, lakini kampuni hiyo ilianza kushika utawala wa pwani Agosti ya mwaka huo. Hati isiposema ni tarehe ipi iliyo mwanzo, miezi iliyo kati ya sahihi na ufunguo huwa mali ya ubishi: je, imo ndani ya muda, na je, inalipiwa pango?

MANENO YA KUISHIA

Neno "mpaka" lina tabia ya mpaka wa shamba: kila jirani huuona uko upande wake. "Mpaka tarehe 30 Juni" yaweza kusomwa kuwa tarehe 30 imo, au kwamba ikifika tu muda umekwisha. "Hadi" ni hivyo hivyo. "Kabla ya tarehe 30 Juni" huiacha tarehe hiyo nje. Dawa yake ni fupi: kuongeza maneno "pamoja na siku hiyo".

Kanuni ya kawaida ya miaka ni kwamba muda huisha siku moja kabla ya tarehe ile ile kurudi. Upangaji wa miaka mitatu ulioanza tarehe 1 Julai, 2025, siku hiyo ikiwamo, utakwisha tarehe 30 Juni, 2028. Haufiki tarehe 1 Julai, kwani hapo utakuwa umeingia mwaka wa nne. Makosa ya siku moja namna hii yamewahi kwenda mbali. Huko Uingereza upangaji mmoja wa miaka kumi ulianza tarehe 13 Januari, 1992, na mpangaji aliruhusiwa kuuvunja katika kutimia mwaka wa tatu. Alitoa taarifa ya kutoka tarehe 12 Januari, 1995 badala ya tarehe 13. Shauri lilipanda hadi Baraza la Malordi, na mwaka 1997 mpangaji alishinda kwa sauti tatu dhidi ya mbili, kwa kuwa mpangishaji yeyote mwenye akili timamu angeelewa alichokusudia. Ushindi ulikuwa wake, lakini ulisimama juu ya sauti moja tu.

MWEZI NI NINI?

Katika lugha yetu mwezi ni ule unaoandama angani, na pia ni ukurasa wa kalenda. Mwezi wa kuandama una siku 29 au 30, na mwaka wake una siku 354 au 355. Mwezi wa kalenda una siku 28 hadi 31. Katika sheria za Tanzania neno "mwezi" huchukuliwa kuwa mwezi wa kalenda, na hati ya upangaji hufuata maana hiyo isiposema vingine. Hata hivyo si ajabu mtu kuandika "siku 30" akiamini ameandika mwezi, na hapo hesabu hubadilika. Mpangaji anayelipa kila baada ya siku 30 hukamilisha malipo 12 kwa siku 360. Baada ya miaka sita atakuwa amelipa pango la mwezi mmoja zaidi kuliko jirani yake anayelipa kwa mwezi wa kalenda. Hali kadhalika, siku 90 si miezi mitatu: Aprili, Mei na Juni zina siku 91, na Julai, Agosti na Septemba zina siku 92.

Muda wa miezi ukihesabiwa kutoka siku ya taarifa, huisha katika tarehe yenye namba ile ile ya mwezi wa mwisho. Taarifa ya mwezi mmoja iliyotolewa tarehe 10 Agosti huisha tarehe 10 Septemba. Mwezi wa mwisho usipokuwa na namba hiyo, muda huisha siku yake ya mwisho: kutoka tarehe 31 Januari mwezi mmoja huisha tarehe 28 Februari, au 29 katika mwaka mrefu.

Kanuni hii ilimponza mpangaji mmoja wa Uingereza. Alipewa taarifa tarehe 30 Septemba, 1978, na sheria ya huko ilimpa miezi minne ya kwenda mahakamani kuomba upangaji mpya. Alihesabu kuwa Septemba imekwisha, akazijumlisha Oktoba, Novemba, Desemba na Januari nzima, akafika tarehe 31 Januari, 1979. Mwaka 1981 Baraza la Malordi liliamua kwamba miezi minne kutoka tarehe 30 Septemba ilikwisha tarehe 30 Januari. Alikuwa amechelewa siku moja, na haki yake ikapotea. Hakuna aliyesema kuwa alikuwa mzembe. Alihesabu tu kama ambavyo watu wengi wangehesabu.

MWAKA NA MSIMU

"Mwaka mmoja" waweza kuwa miezi 12 tangu kuanza upangaji, waweza kuwa mwaka wa kalenda unaokwisha tarehe 31 Desemba, na katika masikio ya watumishi waweza kuwa mwaka wa fedha wa Serikali, unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Hati inayosema "pango litalipwa kila mwaka" bila kueleza ni mwaka upi yaweza kudaiwa mara mbili katika miezi michache.

Neno gumu zaidi kwa vyama vya pamba ni "msimu". Mkulima wa Usukuma huuita msimu kutoka kupanda hadi kung'oa maotea. Mnunuzi huuita msimu kutoka siku ya kufungua ununuzi hadi siku ya kufunga, na siku hizo hutangazwa, nazo hazilingani mwaka hata mwaka. Mwenye ghala huuona msimu umekwisha pale tu robota la mwisho linapobebwa. Chama kikipanga ghala "kwa msimu wa pamba", kimepanga misimu mitatu yenye urefu tofauti katika sentensi moja. Ni afadhali kuandika tarehe mbili, na kuongeza kwamba pamba ikibaki, mpangaji atalipa kiasi fulani kwa kila siku inayozidi.

SAA YA MWISHO

Hata saa ina hila yake. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko na tangu machweo, lakini karatasi nyingi za ofisi hufuata saa za Kizungu. Hati ikisema "ufunguo utakabidhiwa saa 12 tarehe 30 Juni", mmoja atafika saa kumi na mbili jioni, mwingine ataukabidhi saa sita mchana, na wa tatu ataungoja usiku wa manane. Na usiku nao una pande mbili: watu wengi husema "usiku wa Jumatano" wakikusudia usiku wa kuamkia Jumatano, na wengine hukusudia usiku unaoufuata mchana wa Jumatano. Basi iandikwe "saa kumi na mbili jioni", kwa maneno, na asiwepo mtu wa kukabidhi kitu usiku.

KUTOA TAARIFA

Upangaji mwingi wa vijijini na mijini hauna tarehe ya mwisho. Mtu aliingia, akalipa, akaendelea kulipa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001, inautambua huo kuwa upangaji wa vipindi. Kipindi chake ni kile ambacho pango hulipwa kwacho: anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Taarifa ya kuuvunja isipungue kipindi kimoja, tena iishie katika siku ya kulipa pango.

Hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme pango hulipwa kila tarehe 1, na chama kinatoa taarifa tarehe 10 Agosti. Mwezi mmoja hutimia tarehe 10 Septemba, lakini hiyo si siku ya pango. Siku ya pango inayofuata ni tarehe 1 Oktoba, na ndiyo siku ya mapema kabisa ambayo upangaji waweza kukoma. Chama kinachomtoa mpangaji kwa nguvu tarehe 11 Septemba kinajitia katika shauri mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kikiwa na karatasi mbovu mkononi.

Upangaji wa muda maalumu nao ukiisha na mpangishaji akaendelea kupokea pango kimya kimya, huweza kugeuka kuwa upangaji wa vipindi, na chama kikalazimika kuanza upya kutoa taarifa. Mweka hazina asipokee pango la baada ya tarehe ya mwisho kabla bodi haijaamua na kuandika barua.

Uangalifu zaidi wahitajika pale hati inapompa mpangaji nafasi ya kuongeza muda, kwa mfano "akitoa taarifa miezi mitatu kabla ya muda kwisha". Muda ukiisha tarehe 30 Juni, 2028, wataalamu wanaweza kubishana kama siku ya mwisho ya taarifa ni tarehe 30 Machi au tarehe 31 Machi. Chama kilicho mpangaji kisijiingize katika ubishi huo. Iandikwe katika hati: "taarifa imfikie mpangishaji si baada ya tarehe 15 Machi, 2028". Na neno "imfikie" lina uzito, kwani barua iliyotumwa siyo barua iliyopokelewa. Ipelekwe kwa mkono, na nakala igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa.

MUDA USIOZIDI ULE ULIO NAO

Mtu hawezi kugawa zaidi ya alichonacho. Hati ya haki ya kumiliki ardhi hutolewa kwa muda, na muda huo hauzidi miaka 99. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, mwenye haki hiyo hawezi kupangisha kwa muda mrefu kuliko muda wake ukipunguzwa siku kumi. Desturi ya kuacha siku chache si ya Tanzania pekee. Uingereza ilikodi eneo la New Territories huko Hong Kong kwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai, 1898, na viwanja vya humo vilipangishwa kwa muda uliokwisha siku tatu kabla ya ule mkubwa, ili kila mpangaji awe amekwisha kurudisha ardhi kabla ya Serikali yenyewe kuirudisha. Kabla ya kupangisha kwa muda mrefu, katibu afungue hati ya kiwanja cha chama na kusoma muda wake unakwisha lini.

YA KUANDIKWA

Hati iliyo safi yaweza kusema hivi: "Upangaji huu ni wa miaka mitatu. Utaanza tarehe 1 Julai, 2025 na utakwisha tarehe 30 Juni, 2028, siku zote mbili zikiwamo. Mpangaji atakabidhi ufunguo si baada ya saa kumi na mbili jioni ya siku ya mwisho. Mwezi maana yake ni mwezi wa kalenda. Siku ya mwisho ya kutenda jambo ikiangukia sikukuu au siku isiyo ya kazi, jambo hilo litatendwa siku ya kazi iliyotangulia." Sentensi ya mwisho ni ya lazima, kwani kanuni ya kusogeza siku mbele ni ya sheria zilizotungwa, na haifai kutegemewa katika mapatano ambayo hayakuitaja.

Pale ambapo mwisho hauna budi kutegemea tukio, kama daraja, barabara au mavuno, yaandikwe mambo mawili: ni nani atakayethibitisha kwa maandishi kwamba tukio limetokea, na tarehe ambayo upangaji utakwisha hata kama tukio hilo halijatokea.

Historia ya ushirika wa Kanda ya Ziwa inafundisha kwa nini haya yafanyike sasa. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria liliundwa mwaka 1955. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Katika mapito hayo majengo yalibadili mikono, nao waliokumbuka mapatano walistaafu au walifariki. Karatasi ndiyo iliyobaki kusema. Katibu aliyeko leo anajua bodi ilikusudia nini, lakini atakayesoma hati baada ya miaka ishirini hatakuwa na wa kumwuliza. Kipimo cha hati njema ni kimoja: mtu asiyewahi kufika Busisi aichukue pamoja na kalenda, aweke kidole juu ya siku ya kwanza, kisha juu ya siku ya mwisho, bila kuuliza neno. Hati isiyopita kipimo hicho irudishwe mezani kabla haijatiwa sahihi.